Kutoka Kinoo hadi Thogoto kwa Miguu

Jumapili asubuhi nilitoka Kinoo peke yangu, nikaifuata barabara ya Waiyaki kuelekea Kikuyu. Huyo Waiyaki wa Hinga alikuwa mkubwa wa Wakikuyu. Mwaka 1892 watu wa Kampuni ya Kiingereza walimkamata wakawa wanamteremsha pwani, akafia njiani, Kibwezi. Na Kibwezi hiyo hiyo ndiko wamisionari wa Kiskoti walikoanzia kazi mwaka 1891. Mwaka 1898 wakahamia huku juu. Mtu kashuka asirudi, dini ikapanda ikakaa!

Niliiacha lami nikashika vijia vya udongo mwekundu, kati ya mahindi na migomba. Kila baada ya hatua chache kanisa, hili la mawe, lile la mabati, ngoma zinalia. Jina Thogoto lenyewe ni “Scot” kwa matamshi ya wenyeji.

Adhuhuri ilinikuta huko. Niliona haya kuomba maji ya kutawadha kwa watu waliokuwa wakitoka kanisani. Bibi mmoja akaitazama kofia yangu.

“Msikiti uko mbali, mwanangu,” akasema, akaniletea maji ya uvuguvugu, maana kule ni baridi.

Nikatandika koti uani kwake, nikaswali.