Risasi ya tembo iliyoangushwa na sheria

Theodore Roosevelt aliposhuka Mombasa mwezi Aprili 1909 kuanza safari yake ya uwindaji, alikuwa na bunduki ya mitutu miwili ya Holland & Holland, zawadi kutoka kwa Waingereza waliovutiwa naye. Risasi yake iliitwa .500/450 Nitro Express. Leo tumtazame ndugu yake, .450 Nitro Express, ambaye wakati huo tayari alikuwa amepigwa marufuku kwingineko.

Risasi nzima ina sehemu nne: ganda la shaba, fataki kwenye kitako chake, baruti ndani, na kichwa kinachoruka. Zamani baruti ilikuwa nyeusi, na haikuweza kukisukuma kichwa kwa kasi kubwa. Aliyetaka nguvu zaidi aliongeza uzito. Bunduki kubwa za tembo zilirusha donge la takriban gramu 100, na zenyewe zilikaribia kilo 10. Kila mlio uliacha wingu la moshi, na mwindaji hakujua kama mnyama ameanguka au anamjia.

Mwaka 1889 wanakemia Frederick Abel na James Dewar waliipatia Uingereza kodaiti, baruti isiyo na moshi iliyochanganya nitrogliserini, pamba iliyotiwa asidi na vaselini kidogo, kisha ikatolewa kwa nyuzi mfano wa tambi. Neno “Nitro” limetoka humo. John Rigby, fundi bunduki aliyewahi kusimamia kiwanda cha silaha cha serikali huko Enfield, aliifahamu vyema. Mwaka 1898 alichukua ganda la zamani la baruti nyeusi, lenye urefu wa milimita 83, akatia kodaiti ndani yake bila kulijaza. Kichwa cha gramu 31 tu kikatoka kwa kasi ya mita 655 hivi kwa sekunde.

Kwa nini ganda refu kiasi hicho kwa baruti kidogo? Jibu ni joto. Kodaiti ikipata jua kali, kanieneo la gesi yake hupanda inapoungua. Ganda hutanuka na kung’ang’ania ukuta wa mtutu, na bunduki ya mitutu miwili haina nguvu nyingi za kulichomoa. Mbele ya nyati aliyejeruhiwa, ganda lililokwama laweza kuwa kifo. Nafasi ile ya ziada ilipunguza kanieneo, na ganda likatoka bila ubishi.

Lakini .450 haikuangushwa na udhaifu wake. Mwanzoni mwa karne ya 20 serikali ya Uingereza ilizuia bunduki za .450, namba inayotaja upana wa mtutu kwa inchi, nchini India na Sudan, kwa hofu kwamba risasi zake zingewafaa waasi wenye bunduki za kijeshi za Martini-Henry, ambazo mtutu wake ulikuwa na upana huohuo. Ganda lisingeingia, lakini kichwa kingeweza kung’olewa na kutumika tena. India ilikuwa soko kubwa, na watengenezaji hawakutaka kulipoteza. Ndipo zikaja .465 na .470, zenye nguvu karibu sawa, ila upana uliolikwepa katazo. Afrika Mashariki, ambako katazo hilo halikuwapo, .450 iliendelea kuwinda, lakini ustawi wake ulikuwa umekatika.

Mwaka 1956 Winchester ya Marekani ilileta .458 Winchester Magnum: upana wa kichwa uleule licha ya namba tofauti, nguvu zilizokusudiwa kuwa zilezile, ndani ya ganda la milimita 63.5 linaloingia kwenye bunduki ya bei nafuu. Ilienea haraka Afrika. Hata hivyo, baadhi ya risasi zake za awali zililalamikiwa kuwa hafifu, kwa sababu baruti ilishindiliwa mno ndani ya ganda fupi ikagandamana na kuungua vibaya. Miaka zaidi ya 50 baada ya Rigby, nafasi aliyoiacha ndani ya ganda lake ilithibitika kuwa haikuwa ya bure.