Mafuta ya Manyoya ya Kondoo: Kwa Mfugaji ni Uchafu, Dukani Huuzwa kwa Gramu

Wasomaji wetu wengi walioko Ulaya na Amerika ya Kaskazini wanaujua vizuri ule msimu ambao baridi ikianza kuuma, ngozi hupauka, midomo hupasuka na magaga humtoka hata mtu ambaye kule nyumbani hakuwahi kuyaona miguuni mwake. Kila mmoja hukimbilia dukani kutafuta cha kujipaka. Hurudi na kopo la losheni, kijitubu cha mafuta ya midomo au grisi ya nywele, akajipaka na maisha yakaendelea. Ni wachache wanaoligeuza kopo na kusoma yale maandishi madogo ya nyuma. Wanaosoma hukutana mara kwa mara na jina moja: lanolini.

Lanolini haitokani na mmea wala haichimbwi ardhini kama yalivyo mafuta ya mgando. Inatoka kwenye manyoya ya kondoo aliye hai. Katika makala hii tunaangalia jinsi inavyopatikana, nani anafaidika na biashara yake, na mambo ambayo msomaji anapaswa kuyajua kabla ya kuipaka yeye au mtoto wake. Tutaona pia kwamba bidhaa hii ambayo dukani hupimwa kwa gramu, kwa mfugaji aliyemlea kondoo huhesabiwa pamoja na vumbi na kinyesi.

NI KITU GANI HASA

Ngozi ya kondoo wa sufu ina tezi zinazotoa nta laini ya rangi ya manjano. Nta hiyo huyazunguka manyoya na kuyakinga na mvua ili mnyama asilowe hadi kwenye ngozi. Manyoya yakishakatwa, nta hutoka nayo. Kiasi chake hutegemea aina ya kondoo: kwa wengine ni asilimia 5 tu ya uzito wa manyoya mabichi, kwa wengine hufika hata asilimia 25. Kondoo wa Merino, ambao ndio wenye sufu nyororo kuliko wote, ndio pia wenye nta nyingi.

Watu wengi huyaita haya mafuta, lakini kwa lugha ya kemia ni nta. Sifa yake kubwa ni kwamba, ingawa humkinga kondoo na mvua, yenyewe inaweza kushika maji yanayokaribia mara mbili ya uzito wake. Aidha, huyeyuka kwenye joto linalokaribiana na joto la mwili wa binadamu. Ndiyo maana ukiipaka hulainika upesi, huziba nyufa za ngozi na kuzuia unyevu usitoroke.

Hapa inafaa tutofautishe jambo moja. Wazee wetu wanayajua mafuta ya mkia wa kondoo, na Wamasai wamekuwa wakiyachanganya na udongo mwekundu na kujipaka tangu zamani. Hayo ni mafuta ya mnyama aliyechinjwa. Lanolini ni kitu kingine kabisa. Kondoo hunyolewa, huachiwa aende zake malishoni, na mwaka unaofuata hunyolewa tena.

KUTOKA UGIRIKI HADI KOPO LA BULUU

Matumizi yake si mapya. Wagiriki na Warumi wa kale walikuwa wakichemsha sufu chafu na kuengua ile nta iliyoelea juu. Waandishi wao kama Dioscorides na Pliny waliitaja kuwa ni dawa, na mshairi Ovid aliitaja kuwa kipodozi cha wanawake, huku akilalamikia harufu yake. Harufu hiyo ndiyo iliyoizuia kwa karne nyingi kuwa bidhaa kubwa.

Mambo yalibadilika mwaka 1882, pale Wajerumani wawili, Otto Braun na Oscar Liebreich, walipopata hataza ya njia ya kuisafisha. Jina lanolini limeundwa kutokana na maneno ya Kilatini yenye maana ya sufu na mafuta. Baadaye mkemia Isaac Lifschütz aliweza kutoa ndani ya nta hiyo kiungo kinachoyafanya maji na mafuta yashikane bila kutengana. Kiungo hicho kiliitwa Eucerit, na mwaka 1911 kampuni ya Beiersdorf ya mjini Hamburg ilikitumia kutengeneza krimu nyeupe iliyopewa jina la Nivea.

Kopo la buluu la Nivea halihitaji kuelezwa kwa msomaji wa Dar es Salaam, Mombasa wala Muscat. Lakini ni wangapi kati yetu tuliojua kwamba krimu ile ilizaliwa kutokana na manyoya ya kondoo?

TAKA ZILIZOGEUKA MALI

Huko Uingereza, mji wa Bradford katika jimbo la Yorkshire ulikuwa kitovu cha viwanda vya sufu duniani. Sufu ilioshwa kwa maji ya moto na sabuni, na maji yale machafu yakamwagwa. Nta ikaziba mifereji na kuichafua mito, hadi ikawa kero ya mji mzima. Mwanzoni mwa karne ya 20 halmashauri ya Bradford ilijenga mtambo mkubwa wa kusafisha majitaka huko Esholt, na hapo nta ikawa inatolewa kwenye majitaka na kuuzwa.

Mwaka 1925, katika jimbo hilohilo la Yorkshire, ikaanzishwa kampuni ya Croda kwa lengo la kutengeneza lanolini. Leo Croda ni kampuni ya kimataifa inayouza viambato vya vipodozi na dawa duniani kote. Kampuni hiyo haikuanza kwa kumiliki kondoo. Ilianza na kile ambacho wenye viwanda vya sufu walikuwa wakikitupa.

Siku hizi sehemu kubwa ya sufu ya dunia huoshwa China, ambayo ndiyo mnunuzi mkubwa kuliko wote wa sufu ya Australia. Sufu hupitishwa kwenye matangi ya maji ya moto, kisha maji hayo huzungushwa kwa kasi katika mashine zinazotenganisha nta na maji. Nta ghafi huuzwa kwa wasafishaji, ambao huondoa rangi, harufu na mabaki ya dawa za kuogeshea kondoo. Hata Singapore, nchi isiyo na malisho ya kondoo, ina kiwanda cha kazi hiyo.

Kinachotoka huko kina matumizi mengi: rangi za midomo, losheni za watoto, grisi za nywele, marashi ya kutibu ngozi, hata mafuta ya kuzuia kutu kwenye vyuma. Lanolini iliyosafishwa kwa kiwango cha juu huuzwa kwa kinamama wanaonyonyesha ili kupaka chuchu zilizochubuka. Na kolesteroli iliyomo ndani yake ndiyo malighafi kuu ya kutengenezea vitamini D3, ile ambayo Idara ya Afya ya Uingereza huwashauri watu wenye ngozi nyeusi wanaoishi huko wafikirie kuitumia mwaka mzima, kwa kuwa jua la huko haliwatoshi.

MFUGAJI ANALIPWA NINI?

Tukija kwenye fedha, sufu haiuzwi kwa uzito wake wa shambani. Robota hutobolewa, sampuli huchukuliwa na kuoshwa maabara, kisha hukadiriwa ni kilo ngapi za sufu safi zitakazopatikana. Bei hupangwa kwa sufu hiyo safi, urefu wa nyuzi na wembamba wake. Vingine vyote, yaani vumbi, majani, chumvi ya jasho na nta, huhesabiwa kuwa ni uchafu. Kwa marobota mengi ya Merino, uchafu huo ni kama theluthi moja ya uzito.

Tufanye hesabu ndogo. Kondoo mmoja wa Merino huweza kutoa kama mililita 250 hadi 300 za nta. Tuseme zaidi ya gramu 200. Kijitubu cha mafuta ya midomo huwa na kama gramu 10. Ina maana kondoo mmoja, kwa mnyoo mmoja, ana nta ya kujaza vijitubu 20 na zaidi, na hapo sufu yenyewe hatujaigusa. Ni kweli kwamba nyingine hupotea katika kuosha na kusafisha, na kweli pia kwamba mashine, kemikali na matangazo vina gharama. Lakini kwenye stakabadhi ya mfugaji hakuna mstari unaosema nta.

Wanaoutetea mfumo huu wanasema kwamba mwenye kiwanda akiuza nta hupunguza gharama za kuosha, hivyo huweza kumpa mfugaji bei nzuri zaidi ya sufu. Inawezekana. Hata hivyo, hali ya wafugaji haionyeshi neema hiyo. Uingereza kwenyewe, kwa wafugaji wengi, gharama ya kumnyoa kondoo imekuwa kubwa kuliko bei ya manyoya yake. Mwaka 2020, korona ilipofunga masoko, wapo walioamua kuchoma manyoya au kuyageuza mbolea. Nta iliyomo ndani yake iliteketea pamoja nayo.

Kuna jambo jingine ambalo wauza vipodozi hawana uwezo nalo. Hakuna anayefuga kondoo kwa ajili ya lanolini. Nta hupatikana pale tu sufu inaponunuliwa. Australia ilikuwa na kondoo zaidi ya milioni 160 mwaka 1990. Leo wamebaki chini ya nusu, kwani dunia imehamia kwenye nguo za nyuzi za plastiki. Kwa hiyo anayenunua sweta la nailoni badala ya la sufu anapunguza, bila kujua, malighafi ya losheni yake mwenyewe.

NA SISI AFRIKA?

Kondoo wengi wa Afrika Mashariki, kama wale wekundu wa Kimasai au wale wa Kisomali wenye vichwa vyeusi, wana nywele fupi tu na hawana sufu ya kunyolewa. Kwao lanolini ya biashara haipo. Kondoo wa sufu, Merino na Corriedale, wanapatikana kwenye nyanda za juu za Kenya kama Molo na Laikipia, lakini idadi yao ni ndogo mno ukilinganisha na nchi za kusini.

Wenye sufu hasa ni Afrika Kusini na Lesotho. Huko, sehemu kubwa ya sufu husafirishwa ikiwa bado chafu, nta ikiwa ndani yake. Mwaka 2018 serikali ya Lesotho ilitoa kanuni zilizowataka wafugaji wauze sufu ndani ya nchi badala ya kupitia madalali wa Afrika Kusini kama walivyozoea. Malipo yakachelewa, familia zikakosa karo na chakula, na mwezi Juni 2019 maelfu ya wafugaji wakaandamana mjini Maseru. Somo tunaloliona hapo ni kwamba amri ya kuuza nyumbani peke yake haimtajirishi mfugaji. Faida iko kwenye kuosha na kusafisha, na kazi hiyo inataka maji mengi, umeme wa uhakika, mitambo ya kusafisha majitaka na sufu ya kutosha kuilisha mitambo mwaka mzima.

Watanzania wanaijua hadithi hii kupitia korosho, ambayo kwa miaka mingi sehemu kubwa imesafirishwa ikiwa na maganda yake kwenda kubanguliwa India na Vietnam. Maganda yale nayo yana mafuta yanayouzwa viwandani, na mkulima wa Mtwara hajawahi kulipwa kwa ajili yake.

KABLA HUJAPAKA

Kwanza, soma kopo. Majina ya kutafuta ni "Lanolin", "Lanolin Alcohol" au jina la kifamasia "Adeps Lanae". Katika Umoja wa Ulaya viambato hupangwa kuanzia kilicho kingi zaidi. Jina likiwa mwishoni kabisa, ujue umenunua maji na mafuta ya mgando yaliyopakwa sifa za kondoo.

Pili, si kila ngozi inaikubali. Mwaka 2023 chama cha Marekani cha madaktari wa mzio wa ngozi kiliitangaza lanolini kuwa kisababishi cha mzio cha mwaka. Watu wengi hawapati tatizo lolote, lakini wenye pumu ya ngozi au vidonda vya miguu visivyopona wako kwenye hatari zaidi, nao ndio hasa wanaopenda kuipaka. Jaribu kidogo kwenye kiwiko kwa ndani kwa siku kadhaa. Ukiwashwa au ukitoka vipele, iache na umwone daktari.

Tatu, kwa ndugu zetu Waislamu wanaotuuliza, sufu hunyolewa kondoo akiwa hai, na Kurani yenyewe katika sura ya An-Nahl inaitaja sufu miongoni mwa neema. Cha kuchunguza ni vile vilivyochanganywa nayo, kwani huko Australia zipo krimu maarufu za lanolini zilizotiwa kondo la nyuma la kondoo. Na wasiotumia chochote kitokacho kwa mnyama wajue kwamba vidonge vingi vya vitamini D3 navyo asili yake ni sufu.

Mwisho, lanolini hulainisha tu, haimfanyi mtu kuwa mweupe. Ukiuziwa krimu ya "mafuta ya kondoo" kwa ahadi ya kung'arisha ngozi, ogopa. Huenda umeuziwa mkorogo wenye zebaki au haidrokwinoni, na kondoo amewekwa kwenye picha tu.