Ugomvi wa wachumba (2): Usuluhishi na mpaka wake

Wiki iliyopita tuliona jinsi wivu, simu na pesa vinavyozusha ugomvi kati ya vijana wanaopendana. Leo tutazame nani wa kuwaamua.

Wanandoa wana pa kwenda. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka kila kata iwe na Baraza la Usuluhishi wa Ndoa, na kwa kifungu cha 101 shauri la talaka, isipokuwa kwa sababu maalumu, halifiki mahakamani kabla ya kupita huko. Kifungu cha 66 kinakataza mume au mke kumwadhibu mwenzake kwa kipigo.

Na wachumba je? Huku Tanga, posa ikishapelekwa, mshenga anajulikana na wazee wa pande zote mbili huitana neno likizuka. Lakini mapenzi mengi ya vijana wa Ngamiani, Makorora au Pangani hayajafika kwenye posa. Ni ya kificho. Binti akipigwa, hawezi kumwambia mama yake bila kueleza alikuwa kwa nani. Siri hiyo ndiyo silaha ya mpigaji: “Ukisema, kwenu watajua.”

Hubaki shoga na marafiki, na kauli yao ni moja: “Yamalizeni.” Hapo ndipo wanapochanganya mambo. Wivu, ahadi iliyovunjwa, ujumbe usiojibiwa, hayo husuluhishika, mradi kila mmoja aweze kusema bila hofu. Kipigo hakisuluhishiki, kwa kuwa anayeogopa kofi hukubali lolote ili yaishe. Kifungu cha 241 cha Kanuni ya Adhabu, kinachohusu shambulio la kudhuru mwili, kinatoa kifungo cha hadi miaka 5, wala hakiulizi kama mmeoana.

Aliyepigwa aende Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi, apewe fomu ya PF3 kwa matibabu na ushahidi. Mtoto apige simu 116, bila malipo. Pangani, shirika la Uzikwasa limeyatoa mambo haya hadharani kwa michezo ya kuigiza vijijini na kwa redio yake, Pangani FM.

Wazazi, mashangazi na makungwi, msimwache binti achague kati ya kipigo na aibu. Mwambieni mapema kwamba akipigwa atasikilizwa kwanza. La alikuwa kwa nani litazungumzwa baadaye.

Itaendelea.