Tezi ya Shingo Inapofanya Kazi Kupita Kiasi

Wenzangu wengi huniuliza kwa nini nameza vidonge kila asubuhi, na kwa nini sikupasuliwa nikapona mara moja. Kwa kuwa swali hili lina faida kwa wengi, nimeona yafaa nilijibu katika gazeti letu.

Mbele ya shingo, chini ya kikoromeo, ipo tezi ndogo yenye umbo la kipepeo. Kwa mtu mzima uzito wake ni kama gramu 20 tu. Kazi yake ni kuchukua madini joto yaliyomo katika damu, yale yatiwayo katika chumvi, na kutengeneza homoni ziuongozao mwendo wa mwili. Homoni zikipungua, mtu hulegea na kuona baridi. Zikizidi, mwili huwaka kama jiko lililojazwa mkaa.

Ndivyo nilivyokuwa nilipokuwa Kidato cha Tatu. Moyo ulinienda mbio hata nikiwa kitandani. Vidole vilitetemeka, mwandiko ukaharibika. Nilikula ugali na maharage mpaka sahani ikawa tupu, na bado nikazidi kukonda. Bwenini wengine walisema naogopa mitihani, wengine wakasema nimerogwa. Damu ilipopimwa hospitali, ikaonekana kuwa kinga ya mwili wangu wenyewe ndiyo inayoichochea tezi bila kukoma. Maradhi haya huitwa Graves, kwa jina la Robert Graves, daktari wa Dublin, aliyeyaeleza mwaka 1835. Huwapata wanawake zaidi kuliko wanaume.

Daktari alitueleza, mimi na mama, kwamba njia za matibabu ni tatu.

Ya kwanza ni vidonge vya kabimazoli, vinavyoizuia tezi isitengeneze homoni nyingi. Kwa kawaida humezwa mwaka mmoja hadi mwaka na nusu. Tezi hubaki mahali pake, lakini kwa watu wengi maradhi hurudi baada ya vidonge kuachwa. Tena, mara chache sana, dawa hii hupunguza mno chembe nyeupe za damu, na mwili ukakosa walinzi.

Ya pili ni kumeza madini joto yenye mionzi. Tezi huyavuta kwa pupa, nayo mionzi huiunguza kutoka ndani. Daktari Saul Hertz wa Boston ndiye aliyeanza kutibu hivyo, mwaka 1941. Hapa kwetu hutolewa katika Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam. Haiwafai wenye mimba wala wanaonyonyesha, na aliyeimeza hana budi kukaa mbali na watu kwa siku kadhaa, hasa watoto. Mwisho wake, wengi tezi yao hunyamaza kabisa, wakameza homoni za vidonge maisha yao yote.

Ya tatu ni kupasuliwa. Huponya upesi, na hufaa sana ikiwa rovu ni kubwa. Lakini neva za sauti zimepita karibu sana na tezi, kwa hiyo sharti mpasuaji awe stadi. Tezi ikiondolewa yote, hapo pia mtu humeza homoni daima.

Mama alipenda nipasuliwe, jambo liishe. Mimi nilichagua vidonge, naye daktari akakubali. Nina miaka 17, rovu langu ni dogo, na bwenini siwezi kujitenga na mtu. Zaidi ya hayo, anayeanza na vidonge hajafunga mlango wowote: visipofaa, njia mbili zimebaki. Bali tezi iliyounguzwa au kukatwa hairudi.

Uchaguzi huu una gharama yake. Siruhusiwi kuacha dawa kwa sababu tu najiona mzima, na siku za kupimwa damu hukosa masomo, ingawa mtihani wa taifa unakaribia. Mwingine aweza kuchagua njia nyingine, naye akawa na haki.

Kwenu wanabweni, viranja na waalimu, nina ombi moja. Mwenye kutumia dawa hii akipata homa au akiumwa koo, yampasa aache vidonge na apimwe damu siku ile ile. Basi nikiwaamsha usiku kwamba nina homa, msiniambie ningoje kupambazuke.

Mwanafunzi, Kidato cha Nne