Seva ya Nyumbani na Filamu za Mazoezi ya Kufundisha

Filamu ya mazoezi ya kufundisha ni kioo cha mwanachuo. Humwonyesha jinsi alivyosimama, alivyouliza maswali, na alivyowasahau wanafunzi wa safu ya nyuma. Lakini kioo hicho hakina faida ikiwa picha inakwama kila baada ya sekunde chache, au haifunguki kabisa katika simu yake. Kadhalika, filamu hizi zina sura za watoto wa watu; haifai kuzisambaza ovyo katika intaneti. Kwa sababu hizo, baadhi ya wakufunzi wameona afadhali kuzihifadhi katika seva, yaani kompyuta moja iliyowekwa nyumbani, ambayo hupeleka filamu kwa simu na televisheni zilizo katika mtandao wa nyumba hiyo tu. Madhumuni ya makala haya ni kueleza kwa nini seva ya namna hiyo hukwama, hasa inapoendeshwa ndani ya kompyuta dhahania, na utaratibu gani unafaa kufuatwa.

1. Barua na bahasha yake

Picha moja ya filamu ya kawaida ya siku hizi ina nukta 1,920 kwa upana na 1,080 kwa kimo, yaani nukta 2,073,600. Zikipita picha 25 kwa sekunde, nukta huwa 51,840,000. Kila nukta ikiandikwa kwa biti 24, sekunde moja tu itahitaji biti zaidi ya bilioni 1.2. Ndiyo maana filamu hubanwa kwa kanuni maalumu iitwayo kodeki. Kodeki ya H.264 ilitolewa mwaka 2003, HEVC mwaka 2013, na AV1 mwaka 2018. Kadiri kodeki ilivyo mpya ndivyo ibanavyo zaidi. Lakini vifaa vingi vya zamani havizielewi hizo mpya.

Wanachuo wataelewa jambo hili upesi wakifananishiwa na barua. Kodeki ni lugha iliyoandikiwa barua. Aina ya faili, kama vile MP4 au MKV, ni bahasha. Mpokeaji akiifahamu lugha na bahasha pia, seva humpelekea faili kama ilivyo, na kazi yake ni ndogo sana. Akiifahamu lugha lakini bahasha haimfai, seva hubadilisha bahasha tu. Kazi bado ni nyepesi. Lakini asipoifahamu lugha, seva haina budi kuisoma barua yote, kuifasiri, na kuiandika upya huku msomaji akisubiri. Huku ndiko kugeuza kodeki, na ndiko kunakoilemea kompyuta. Aidha, kila tafsiri hupoteza kitu: filamu iliyogeuzwa mara nyingi hufifia.

2. Nyumba moja, wapangaji wengi

Kompyuta dhahania ni kompyuta iliyoundwa kwa programu ndani ya kompyuta halisi. Wazo hili si geni: IBM ilitoa mfumo wa VM/370 mwaka 1972, na uwezo kama huo, uitwao KVM, uliingizwa katika kiini cha Linux mwaka 2007. Mfano wake ni nyumba ya kupanga. Kila mpangaji ana chumba na ufunguo wake. Akiharibu chumbani mwake, jirani hadhuriki. Mkufunzi aweza kuweka seva ya filamu katika chumba kimoja, na nyaraka za jamaa yake katika chumba kingine. Mfumo wa seva ukiharibika, atafuta chumba hicho na kukijenga upya bila kugusa vingine.

Lakini ukuta huo huo unaolinda ndio unaozuia. Prosesa nyingi za Intel zilizotengenezwa tangu mwaka 2011 zina sehemu maalumu ya kubana na kubanua video, iitwayo Quick Sync. Sehemu hiyo hufanya kwa wepesi kazi ambayo ingeihangaisha prosesa. Kompyuta dhahania kwa kawaida haiioni. Hupewa kadi ya picha ya kubuni, isiyo na uwezo huo. Hivyo kazi yote ya kugeuza huangukia prosesa, nayo imekwisha kugawanywa baina ya wapangaji.

Dawa ni mbili. Ya kwanza ni kuikabidhi kompyuta dhahania kadi halisi ya picha. Lakini kadi iliyokabidhiwa hivyo huwa ya mpangaji huyo peke yake. Ya pili ni kuiendesha seva katika kontena badala ya kompyuta dhahania. Makontena hutumia kiini kimoja cha mfumo, kwa hiyo yaweza kushirikiana kadi hiyo. Ila ukuta baina yao ni mwembamba zaidi.

3. Jaribio la darasani

Mkufunzi asiishie katika maelezo. Achukue filamu mbili za somo lile lile, moja ya H.264 na nyingine ya HEVC, na simu ya zamani isiyofahamu HEVC. Kabla ya kuzicheza, wanachuo waandike ni ipi itakayoilemea seva, na kwa nini. Programu kama Jellyfin, iliyoanzishwa mwaka 2018, huonyesha katika ukurasa wake wa usimamizi kama filamu inapelekwa ilivyo au inageuzwa, na sababu yake. Wanachuo walinganishe jibu hilo na makisio yao.

Kisha wafanye jaribio la tatu: waongeze maandishi ya Kiswahili chini ya filamu ya H.264. Maandishi yakiwa katika faili la herufi za kawaida, seva huyapeleka kando, na filamu haiguswi. Yakiwa yamehifadhiwa kama picha, mara nyingi seva hulazimika kuyachora juu ya kila picha, na hivyo kuigeuza filamu nzima. Wengi hudhani kosa ni la mtandao, kumbe ni la aina ya maandishi.

4. Utaratibu unaofaa

Dawa bora kuliko zote ni kutogeuza filamu wakati wa kutazama. Simu nyingi za siku hizi hurekodi kwa HEVC. Mkufunzi apokee filamu mchana, na usiku seva izigeuze zote, mara moja tu, ziwe H.264 katika bahasha ya MP4. Usiku hakuna anayesubiri. Hata prosesa dhaifu itamaliza. Faili za asili zihifadhiwe katika diski nyingine.

Ukubwa pia uangaliwe. Somo la dakika 40 kwa megabiti 8 kwa sekunde huchukua gigabaiti 2.4, kwa megabiti 2 huchukua megabaiti 600. Watazamaji 10 wa filamu ya kwanza huhitaji megabiti 80 kwa sekunde. Wa filamu ya pili, 20 tu. Kwa skrini ya simu, hiyo ya pili yatosha.

Yafaa tukumbuke kwamba mwalimu hutayarisha zana zake kabla ya kuingia darasani. Filamu nayo ni zana. Ikitayarishwa mapema, mwanachuo mwenye simu kuukuu ataliona somo lake sawasawa na mwenzake mwenye simu mpya, na muda wa mazungumzo utatumika kuzungumzia ufundishaji, si kuisubiri picha.