Utafiti wa kazini usiishie kabatini

Yapo mazoea yaliyoota mizizi katika vyuo vyetu ya kuamini kwamba utafiti umekamilika pindi ripoti inapotiwa jalada gumu na kukabidhiwa idara. Mtafiti hupongezwa, msimamizi hutia sahihi, na jalada huhifadhiwa kabatini. Ni nadra mtu kuuliza iwapo wale waliohojiwa walipata kujua maneno yao yalizaa nini.

Mazoea haya yanadhuru zaidi pale utafiti unapohusu kuhamisha shughuli za biashara kutoka kwenye karatasi hadi kwenye kompyuta. Mjini Machakos na viungani mwake, suala hili si la nadharia. Tangu M-Pesa ilipoanzishwa mwaka wa 2007, muuza mboga na mwenye duka wamezoea kulipana kwa simu. Aidha, tangu Januari 2024, gharama za biashara zisizo na ankara ya kielektroniki ya eTIMS hazikubaliwi katika hesabu ya kodi, isipokuwa zile zilizosamehewa. Si ajabu, basi, kwamba wanafunzi walioajiriwa huichagua mada hii wanapofanyia utafiti mahali pao pa kazi. Swali ni moja: wakimaliza, nani hufaidika?

Hebu tumtazame karani wa chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa. Leja yake ina safu za tarehe, jina, kilo na malipo. Lakini ina pambizo pia, na humo ndimo anamoandika yale yasiyo na safu: kwamba mkulima huyu hupokelewa malipo na mwanawe, kwamba wawili hawa wana jina moja ila baba zao ni mbalimbali, kwamba mzigo ule una mgogoro, usilipwe hadi kikao kiketi.

Kompyuta haina pambizo. Ina visanduku, na jambo lisilokuwa na kisanduku huhesabiwa kuwa halipo. Kwa mwanaisimu, jina la kila kisanduku ni neno, na kuchagua neno ni kuamua kipi kitambuliwe na kipi kipuuzwe. Mtafiti anayepima kasi pekee atatangaza kwamba mfumo mpya umefaulu. Siku ya malipo ikifika, mkulima ataambiwa kwamba jina lake halimo kwenye sistimu, naye karani, ambaye alilijua jibu tangu awali, ndiye atakayebeba lawama.

Karani huyo angeweza kuusahihisha utafiti mapema lau angeonyeshwa matokeo yake katika lugha anayoimudu. Badala yake, ripoti huandikwa kwa Kiingereza cha kitaaluma ambacho hata meneja hukipitia juujuu.

Machakos ina historia inayotufunza kuhusu jambo hili. Mwaka wa 1938, serikali ya kikoloni, ikitegemea maoni ya wataalamu wake kuhusu mmomonyoko wa udongo, ilianza kuwanyang'anya Wakamba mifugo kwa nguvu. Wananchi walitembea hadi Nairobi kuteta wakiongozwa na Muindi Mbingu, ambaye baadaye alihamishiwa Lamu kama mfungwa. Kabla ya mwaka kwisha, sera hiyo ya shuruti ilikuwa imeachwa. Ilibuniwa juu ya vichwa vya watu, na watu wakaikataa.

Mwaka wa 1994, watafiti Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walichapisha kitabu kilichoonyesha kwamba idadi ya watu wa Machakos ilikuwa imeongezeka zaidi ya mara tano tangu miaka ya 1930, ilhali mmomonyoko ulikuwa umepungua. Sababu mojawapo ni matuta ambayo wakulima wenyewe waliyakubali na kuyaeneza, wakichimba mtaro na kuutupa udongo upande wa juu. Matuta hayo huitwa "fanya juu", na wataalamu wa kilimo katika nchi nyingi huyaita hivyo hivyo, kwa Kiswahili. Mbinu iliyokubaliwa na wenye jembe ilisafiri pamoja na jina lake.

Najua wapo watakaodai kwamba Kiswahili hakina msamiati wa kompyuta. La hasha! Mwaka wa 2004 wataalamu nchini Tanzania walitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyotafsiriwa kwa Kiswahili. Nayo Katiba yetu ya 2010, katika kifungu cha 7, inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Kinachokosekana ni nia.

Napendekeza mambo matatu. Kwanza, kila ripoti ya aina hii iambatanishwe na muhtasari wa kurasa mbili kwa Kiswahili, uliobandikwa mahali palipofanyiwa utafiti. Pili, kabla ya alama kutolewa, mtafiti awasomee waliohojiwa matokeo yake, wayapinge au wayakubali, na majibu yao yaingizwe ndani ya ripoti. Hilo lifanywe bila kufichua siri za mtu, kwani Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inatufunga sote. Tatu, msimamizi asiulize tu ni saa ngapi zimeokolewa, bali pia ni nini kilichokuwa kikiandikwa pambizoni na sasa kitaandikwa wapi.

Hatua hizi hazihitaji bajeti kubwa. Zinahitaji tukubali kwamba karani, mpimaji mizani na mtunza ghala ni wajuzi wa kazi zao. Wahenga walinena kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Anayekilalia kila siku apewe nafasi ya kusema kabla ya fundi kukipiga rangi mpya.