Kodi ya Mjini au Nauli ya Pembezoni?

Kiinua mgongo kikishaingia benki, kila mtu anageuka mshauri, na karibu wote wana neno moja: nunua kiwanja Chanika au Bunju, jenga, upumzike. Kama nyumba unayo tayari huko, kaa zako. Kama huna, na kila mwezi una kliniki ya presha Muhimbili, piga hesabu kwanza.

Pembezoni mwa Dar kodi ni nafuu, lakini nauli haikuachi. Kutoka Chanika ni bodaboda hadi barabarani, kisha daladala, kisha nyingine, na siku ukiamka hoi ni gari la kukodi. Andika safari zote za mwezi, kwenda na kurudi, zako na za mwenza wako, ujumlishe na kodi. Jumla hiyo ndiyo bei ya nyumba.

Upanga unakwenda Muhimbili kwa miguu, tena chini ya vivuli vya miti. Kodi yake ndiyo inayouma. Kariakoo umeshuka tu uko sokoni, lakini kuna makelele, na wenye nyumba wanawinda wafanyabiashara, si wazee. Tangu ghorofa lianguke pale Novemba 2024, mimi naangalia pia kama kuna mtu anachimba chini ya jengo.

Kwa pensheni ya kawaida, tafuta Ilala au Magomeni. Ilala una soko na hospitali ya Amana karibu. Magomeni una mwendokasi: unapanda, unashuka Fire, unamalizia Muhimbili kwa mwendo mfupi. Kasoro yake ni Jangwani. Mvua kubwa ikinyesha bonde linajaa, barabara inafungwa, na kliniki inakupita.

Popote utakapopanga, chukua chumba cha chini. Ghorofa ya tatu bila lifti ni ya vijana, hata ukipunguziwa kodi.

Sasa gharama. Tuseme kodi ni 300,000 kwa mwezi na mwenye nyumba anataka ya miezi sita. Usijidanganye kwamba 1,800,000 inatosha. Dalali anataka kodi ya mwezi mmoja, hivyo ni 2,100,000 kabla hujalipa gari la mizigo. Wengine wanadai na hela ya kuonyeshwa nyumba. Ukiilipa, iandikwe kwamba itakatwa kwenye udalali. Uliza pia ulinzi, taka na pampu ya maji analipa nani.

Halafu soma risiti ya LUKU. Tangu 2023 kila mwezi mita ya nyumba ya kawaida inakatwa 1,500 ya kodi ya jengo. Kodi hiyo ni ya mwenye nyumba, ila anayenunua umeme ni wewe. Kwa mwaka ni 18,000. Mwambie aipunguze kwenye kodi ya pango, na iandikwe kwenye mkataba. Ya mdomoni atakuja kuisahau.

Kuhusu kusafiri, anayekaa mjini yuko mahali pazuri kwa treni na boti, pabaya kwa basi. Stesheni ya SGR na boti za Zanzibar ziko katikati ya jiji. Stendi ya Magufuli iko Mbezi, na ukiwa na mabegi mawili alfajiri utakodi gari tu, kwa hela inayoweza kukaribia nauli ya basi la Morogoro.

SGR ilipoanza 2024, nauli ya daraja la kawaida ilikuwa 13,000 hadi Morogoro na 31,000 hadi Dodoma. Basi la Dodoma linakula siku nzima. Treni ni kama saa tatu na nusu, na choo kipo. Kwa magoti ya miaka sitini, panda treni. Lakini haikufikishi mjini: Morogoro unashukia Kihonda, Dodoma unashukia Mkonze, na bajaji wanajua kwamba huna pa kwenda. Patana nauli kabla hujapakia begi.

Kama unakwenda kwa wajukuu Desemba, kata tiketi mapema, ya kurudi pia, na majina yafanane na kitambulisho. Mwenye nafasi asubiri shule zifunguliwe. Wajukuu hawatakuwepo mchana, lakini siti zitakuwepo.